Etta James Rocks the House: nilipomwekea shangazi barazani

Shangazi yangu ameimba vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, katika harusi za Kuze na Kibokoni, Mombasa, tangu usichana wake, na hasifu mwimbaji ovyo. Ijumaa usiku nikaweka spika barazani, nikamfungulia albamu hii ya Etta James, mwimbaji wa Marekani, bila kumwambia ni ya nani.

Ulipofika wimbo wa pili, Baby What You Want Me to Do, akatua kikombe cha kahawa.

"Nzumari hiyo nani yuwaipuliza?"

"Si nzumari, shangazi. Ni mdomo wake mwenyewe."

"Hasha! Hebu rudisha, mwanangu."

Nikarudisha mara tatu. Hapo Etta anaigiza kinanda cha mdomo: sauti yakwaruza, yavutika, yakatika ghafla kama pumzi zimemwishia, kisha yaibuka juu ya gita na ukumbi wote unalipuka kwa vigelegele.

Albamu ilirekodiwa tarehe 27 na 28 Septemba 1963 mbele ya watu katika klabu ya New Era, Nashville, Marekani, ikatolewa mwaka 1964. Etta alikuwa na miaka 25 tu. Wengi wetu tunamjua kwa At Last, ule wimbo wa taratibu uliojaa fidla. Huku fidla hakuna. Kuna gita kali la David T. Walker, saksafoni, ngoma, na watu ambao hawanyamazi hata kidogo. Anayetafuta ule upole ataona ni makelele matupu. Mimi nauacha upole wote kwa jinsi anavyofungua Something's Got a Hold on Me: polepole, anaivuta kila silabi kama muumini aliyesimama kutoa ushuhuda, halafu ngoma zinaingia na hakuna tena wa kukaa. Aliimba kwaya ya kanisa tangu utotoni, na yasikika.

Ule wimbo wa Money sikuupenda sana, wapita mbio. Lakini What'd I Say! Anatupa neno, ukumbi unalirudisha, anatupa jingine gumu zaidi, wanalidaka. Shangazi akachukua kijiko akaanza kugonga ukingo wa sinia, mdundo ule ule wa pembe zinazogongwa kwenye vugo, na ukaingia sawasawa.

"Huyu haimbii watu," akasema. "Yuwaimba nao."

Msiisikilize kwa simu tupu, mtapoteza sauti za ule umati, nao ni nusu ya albamu. Tafuteni spika nzuri. Yangu naichaji sasa hivi: shangazi amealika wenzake wa vugo Jumamosi waje wasikie ile nzumari.