Nyumba ya wageni ya Old Kampala na basi la alfajiri la Arua: tathmini ya msafiri wa kikazi

Mtu anayetoka Arua, mji wa kaskazini magharibi mwa Uganda, kwenda Kampala kwa kazi ya siku chache hakosi mahali pa kulala. Taabu yake ni kuchagua, kwa kuwa nyumba za wageni ziko kila kona, nyingi zina baa ghorofa ya chini, na bei inayotajwa mapokezi haikuambii lolote kuhusu usingizi utakaoupata. Ninayoitathmini hapa iko kwenye mteremko wa kilima cha Old Kampala, upande unaotazama Namirembe, ndani kidogo ya barabara ya lami. Haina jina linalojulikana. Bango dogo la getini linatangaza vyumba tu, na wageni wake wengi ni watu wa West Nile, Bunyoro na Kasese walioelekezwa na jamaa zao. Mimi nilielekezwa na mhasibu mwenzangu, wakati chama chetu cha akiba na mikopo kiliponituma kuhudhuria mafunzo ya EFRIS, ule mfumo wa ankara za kodi za kielektroniki ambao Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianza kuutumia Januari 2021.

Sifa yake kubwa ni mahali ilipo, na kwa msafiri wa kikazi naona sifa hiyo inazizidi zote, hata godoro. Mafunzo yetu yalifanyika Nakasero, kwa hiyo asubuhi nilishuka kwa miguu kwa Barabara ya Namirembe, nikaipita paki ya zamani ya teksi, yaani kituo cha mabasi madogo ya abiria, kabla haijafurika, nikavuka Kampala Road na kupanda hadi ukumbini nikiwa sijalipa nauli wala kusikia honi za foleni nikiwa nimeketi ndani yake. Wenzangu waliolala Ntinda na Kyaliwajjala, katika hoteli nzuri kuliko yangu na zenye bustani, waliingia ukumbini wakiwa wamechelewa na wamekwisha choka. Jioni hali ilikuwa hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeoga na kubadilisha nguo wakati wao bado wakinitumia ujumbe kutoka kwenye foleni ya Barabara ya Jinja. Isitoshe, vituo vya mabasi ya kaskazini na magharibi viko chini ya kilima, hivyo anayeondoka alfajiri hahitaji kuamka usiku wa manane kumtafuta boda boda wa kumvusha mji.

Chumba chenyewe ni kidogo na safi. Kitanda kina chandarua kisicho na tundu, nililikagua hilo kabla ya kufungua begi, na kando ya dirisha kuna meza halisi ya kuandikia yenye kiti cha mbao na soketi iliyo karibu. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini nimelala katika hoteli za bei mara mbili ya hii ambako mgeni mwenye kompyuta hana budi kuandikia ripoti magotini. Waifai hufika hadi chumbani, ingawa hupungua nguvu kuanzia saa mbili usiku wageni wote wanaporudi. Maji ya moto yapo kwa swichi iliyo nje ya bafu. Uiwashe robo saa kabla, vinginevyo utaoga maji ya baridi ukidhani kifaa kimeharibika.

Mwenye nyumba ni Hajati mmoja, Mnubi wa Bombo, ambaye hukaa ukumbini na kuwaona wageni wote wanaoingia na kutoka. Kiswahili ndicho lugha ya nyumba ile, kwa kuwa Mlugbara, Mkonzo na Mnyoro wakikutana mezani hawana nyingine inayowatosha wote, na kijana wa mapokezi aliyetoka Kasese huizungumza kwa lafudhi ya Kongo inayopendeza kuisikia. Usiku wa kwanza nilipoeleza kwamba nitatoka mapema, Hajati aliniuliza, «Mapema ya watu wa ofisi au mapema ya watu wa basi, mwanangu?» Nilipomjibu kwamba ni ya ofisi, alisema chai itakuwa mezani saa kumi na mbili na nusu, na ikawa hivyo. Kifungua kinywa ndipo nyumba ile inapowashinda wengi. Ukifunua kawa la rangi nyingi unakuta gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, zikiwa bado za moto, na pembeni kuna mayai, parachichi na chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na tangawizi kwenye sufuria, si ile ya mfuko unaoning'inia kikombeni. Siku nyingine ilikuwa katogo ya matoke na maini. Nilimwona mgeni mmoja, mfanyabiashara wa Hoima, akiomba sahani ya pili huku amevaa kofia ya pikipiki tayari.

Kasoro zipo. Jenereta imewekwa uani, chini kabisa ya madirisha ya vyumba vya nyuma, na umeme ulipokatika jioni moja iliunguruma hadi karibu saa tano usiku. Nchi yetu ilizindua mtambo wa Karuma wa megawati 600 mwaka 2024, nami ninayepita hapo kila safari nilitarajia kwamba jenereta za mjini zingekuwa zimeanza kuota kutu. Omba chumba cha mbele. Chumba cha mbele nacho kina lake, kwa kuwa Msikiti wa Taifa uko juu ya kilima na adhana ya alfajiri huingia dirishani bila kizuizi. Mimi huamka saa hiyo kwa vyovyote, ila mwenye usingizi mwepesi na asiye na safari aelewe hivyo kabla ya kulipa. Kasoro ya tatu ilinigusa kikazi. Baada ya kutwa nzima ya kufundishwa namna ankara inavyotumwa kwenye mfumo wa kodi na kurudi na alama yake ya kuthibitishwa, nilirudi nyumbani kwa Hajati nikaandikiwa risiti kwa kalamu, katika kitabu chenye karatasi ya kaboni, na tarehe ikasahauliwa hadi nilipoiomba. Mgeni ambaye ofisi yake hudai risiti ya kielektroniki aulize kwanza.

Malipo yalikuwa shilingi 70,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, na unaweza kulipa kwa simu. Kwa posho ya mtumishi wa chama cha ushirika, hicho ni kiwango kinachoacha salio la kufurahia mji kidogo, nami sikuona haya kufurahia, kwa kuwa mafunzo yaliisha saa kumi kila siku na hakuna mtu aliyenituma nikae chumbani.

Jioni ya kwanza nilipanda tu juu ya kilima. Msikiti ule ulianza kujengwa zama za Idi Amin katika miaka ya 1970, ukakwama kwa miongo kadhaa, ukamalizwa kwa msaada wa Libya, na kwa watu wengi jina la Gaddafi halijautoka hadi leo. Mgeni hulipa kiingilio, huvua viatu, na wanawake hupewa mitandio na vitambaa vya kujifunga. Mnara una zaidi ya ngazi 300 za kuzunguka, na mwongozaji wetu alizipanda akizungumza bila kuhema. Ukifika juu, Kampala inaeleweka kwa mara ya kwanza: Namirembe na kanisa lake kuu la Kianglikana, Rubaga na la Kikatoliki, Kibuli na msikiti wake, Makerere, ikulu ya Mengo, na chini kabisa ile paki ya teksi, ambako magari meupe yenye mistari ya buluu yamebanana kiasi kwamba huoni hata moja litakavyotoka, na bado yanatoka. Kwa mtu anayeujua mji huu kwa vituo vya mabasi na kumbi za mikutano pekee, kiingilio hicho ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote nilizotumia safari ile.

Jioni nyingine nilikwenda Wandegeya, chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, kula kuku anayezungushwa motoni ndani ya sanduku la kioo, akaletwa na chipsi na kachumbari ya kabichi. Ni chakula cha wanafunzi, hakina adabu, na mafuta yake hukufuata hadi kesho yake. Nitakula tena. Kuhusu ununuzi sina mengi ya kusema: Kikuubo, eneo la maduka ya jumla katikati ya mji, bei ni nafuu kwa anayenunua kwa katoni, na mwenye begi moja mgongoni husukumwa tu na wabeba mizigo.

Safari ya kurudi inastahili tathmini yake, kwa sababu watu wengi wa kwetu huichukulia kama adhabu ya kufunga kazi. Desturi ni kupanda basi la usiku ili kuokoa gharama ya malazi. Mimi nililipia usiku mmoja zaidi kwa fedha zangu na kupanda basi la alfajiri, na sasa siwezi kumshauri mtu vinginevyo isipokuwa ana msiba au mgonjwa. Gizani barabara ile ina malori yaliyoharibika bila taa, ng'ombe waliolala pembezoni, na dereva ambaye hujui amelala saa ngapi. Mchana dereva unamwona, na barabara pia unaiona.

Hajati alikuwa ukumbini saa kumi na moja kasoro, akanikabidhi chupa ya chai na chapati mbili zilizokunjiwa mayai ndani ya karatasi, akisema vya barabarani nisivile kabla ya Migyera. Basi liliondoka saa kumi na mbili kasorobo, kwa kuchelewa kidogo, likaipita Kawempe kabla foleni haijakomaa. Anayeondoka saa moja baadaye hupoteza muda mwingi pale kuliko kati ya Luweero na Nakasongola. Viti ni viwili kwa viwili, vinaegemea nyuma kiasi, na cha kwangu kilikataa kurudi mbele. Kondakta aliandika majina na namba za simu za abiria kabla ya kuondoka na kufunga kikaratasi cha namba kwenye kila mzigo wa buti, kazi aliyoifanya kwa umakini kuliko nilivyozoea. Ila alitoza mizigo kwa kuitazama tu: gunia la mama aliyeketi mbele yangu lilianza kwa shilingi 20,000 na kuishia 8,000, na hapana shaka abiria mpole alilipa bei ya kwanza. Kampuni ingebandika bei ya mizigo dirishani, ugomvi ule ungeisha. Video ya vichekesho ilipigwa kwa sauti ya juu hadi mzee mmoja alipomwita kondakta na kumwambia, «Kijana, sisi tumelipia nauli, hatukulipia harusi.» Sauti ikapunguzwa, na abiria wa nyuma wakapiga makofi.

Migyera basi husimama kwa muda unaotosha kwenda msalani na kurudi, na wauzaji hulizunguka wakiinua vijiti vya nyama, gonja (ndizi) za kuchoma na mihogo hadi usawa wa madirisha. Nyama nunua ile unayoiona ikitolewa motoni, si ile iliyokwisha tembezwa kwenye mabasi matatu. Kuanzia Kafu nchi hutulia, vituo hupungua, na ndipo nilipoandika ripoti yangu yote ya mafunzo nikiwa nimeketi, kazi ambayo ingenichukua asubuhi nzima ofisini.

Karuma watu huacha kuzungumza na kutazama nje. Mto Nile unapita chini ya daraja ukiwa na povu jeupe, nyani wamekaa kando ya lami wakisubiri maganda, na askari wako pale, hivyo simu ibaki mfukoni. Mwishoni mwa 2024 daraja lile lilifungwa miezi mitatu hivi kwa matengenezo na mabasi yetu yakalazimika kuzunguka njia ndefu. Aliyesafiri siku zile hatalalamika tena kuhusu muda wa safari. Baada ya hapo barabara hufuata mpaka wa Hifadhi ya Murchison Falls kuelekea Pakwach, na kabla ya daraja la pili tuliwaona tembo, wawili wakubwa na mtoto, si mbali na barabara. Watalii hulipa dola kwa ajili ya hao. Sisi tuliwatazama kwa nauli ya Arua, na dereva, namsifu kwa hili, alipunguza mwendo bila kuombwa. Pakwach nilinunua samaki wa kukausha kupitia dirishani, nikakubaliana na muuzaji kabla ya kutoa fedha kwa kuwa basi haliwasubiri wanaodai chenji.

Tuliingia Arua saa tisa na nusu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, jua likiwa bado kali na ofisi ikiwa bado wazi. Nilipitia huko kwanza kukabidhi hesabu za safari. Tiketi ya basi ilikuwa imechapishwa kwa mashine, na mhazini wetu aliipokea bila swali. Ile risiti ya kaboni ilibidi niiandikie barua ya maelezo ya ukurasa mzima, na chama kikinituma Kampala tena nitalala kwa Hajati, katika chumba cha mbele, nikiwa na barua hiyo nimekwisha iandaa.