Tuzo za wauguzaji wa MS: heshima ipo, rampu je?

Shirikisho la Kimataifa la MS (multiple sclerosis, ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo), lenye makao London, lina tuzo mbili zinazokwenda sambamba. Ya James Wolfensohn, aliyewahi kuwa rais wa Benki ya Dunia, hupewa mtu anayeishi na ugonjwa. Ya Evelyn Nicholson hupewa anayemuuguza. Sylvia Lawry, aliyeanzisha shirikisho hilo mwaka 1967, naye alikuwa na ndugu mwenye MS.

Kuzitenganisha ni uamuzi wa busara, na ndio unaozipa alama nyingi. Kwingi muuguzaji huingizwa kwenye "pamoja na familia yake", picha inapigwa, basi. MS huwapata wengi wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, kwa hiyo mke au mume anaweza kuuguza miaka thelathini bila likizo.

Mapendekezo ya tuzo za namna hii hukwama kwenye fomu. Watu huandika "ana moyo wa huruma", na waamuzi wanabaki na maneno hayohayo kutoka kwa kila aliyependekeza. Andika kazi yenyewe: humgeuza mgonjwa mara ngapi usiku ili asipate vidonda vya mgandamizo, hubadilisha vipi mpira wa mkojo, humhamisha vipi kutoka kitandani (breki za kiti mwendo kwanza, vikanyagio vikunjwe, ndipo ubao wa kuhamishia). Ila habari za mkojo ni siri ya mgonjwa. Aombwe ruhusa yeye, si muuguzaji peke yake, na asomewe fomu kabla haijatumwa.

Kwa wanaojitolea kuna upendeleo wa macho: aliyekimbia marathoni kuchangisha fedha huonekana. Anayempeleka mtu kliniki kila mwezi kwa gari lake haonekani, mpaka mtu afungue daftari la safari.

Sherehe ndipo mashirika mengi hujikwaa. Rampu, yaani njia ya mteremko ya kiti mwendo, inataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Jukwaa la sentimita 60 linahitaji mita 7.2, na mara nyingi huletwa ubao wa mita mbili. Kiti kinarudi nyuma, wanaume wanne wanamnyanyua mgeni wa heshima kama gunia. Bora jukwaa lisiwepo kabisa, tuzo itolewe sakafuni. Taa kali nazo ni tatizo: joto la mwili likipanda hata kwa nusu digrii, mwenye MS anaweza kuona ukungu au kulegea miguu mpaka apoe. Wekeni feni, maji baridi, na choo karibu, chenye mlango usiopungua sentimita 80. Saa nne asubuhi inafaa kuliko usiku, maana uchovu wa MS huzidi kadiri siku inavyokwenda.

Nani atabaki na mgonjwa asiyeweza kusafiri? Swali hili huulizwa wiki ya mwisho. Anayeshika zamu aje siku mbili kabla aelekezwe dawa na namna ya kumgeuza, na alipwe na shirika. Asipopatikana, mshindi hatakuja na kombe litaletwa nyumbani.

Kuhusu zawadi, kombe la kioo ni zito kwa mikono inayotetemeka, na halifuti sahani hata moja. Siku saba za msaidizi wa kulipwa, zinazotumika wakati wowote ndani ya mwaka, zingekuwa zawadi bora mara kumi.