Oracle Hyperion Financial Management: nzuri, ila angalia kiwango cha kubadilisha fedha cha bajeti

Kwa kuunganisha hesabu za kampuni tanzu zenye sarafu tofauti, programu hii iko imara: mapato na gharama hubadilishwa kwa kiwango cha wastani cha fedha, mali na madeni kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu. Mtego uko kwenye bajeti. Tuseme kampuni tanzu ya Nairobi ilipangiwa mauzo ya Sh130 milioni, dola moja kwa Sh130, yaani dola milioni 1. Ikauza Sh150 milioni, lakini shilingi imeporomoka hadi 160. Ripoti inasoma dola 937,500, na meneja aliyeongeza mauzo anaonekana kachemka! Fungua senario (seti ya takwimu) ya tatu, kando ya bajeti na matokeo halisi: matokeo halisi kwa kiwango cha bajeti, yaani Sh130. Lazima iandikiwe kanuni ya ukokotoaji ndani ya programu, na fundi wake si wa bei poa.