Niliomba folda moja, wakaanika mradi mzima

Ombi langu kwa kampuni inayotuhifadhia tovuti lilikuwa dogo: domeni (anwani ya tovuti) ya mteja wangu, mzee mwenye duka la vipuri pale Ngamiani, ielekezwe kwenye folda ya public ndani ya programu yake iliyojengwa kwa Laravel, mfumo wa kutengenezea tovuti. Kwa kifurushi nilicholipia, domeni kuu imefungwa kwenye public_html, folda ya kawaida ya kuwekea tovuti, na mimi mwenyewe siruhusiwi kubadilisha hilo, ndiyo maana nikawapigia huduma kwa wateja.

Kijana aliyepokea akanijibu, “Dada, pandisha faili zote humo humo, mbona wenzako wanafanya hivyo?” Nikamweleza kwa adabu kwamba kwenye Laravel folda ya public peke yake ndiyo ya kuonekana na watu. Nje yake kuna faili la .env, lenye nenosiri la kanzidata na ufunguo wa programu. Akanikatisha: “Nyie wa mikoani mnasoma vitu mtandaoni halafu mnakuja kutufundisha kazi.” Wa mikoani! Kwani pesa ya Tanga wanaipokea kwa bei nyingine?

Baadaye akaniandikia “tayari”. Kumbe ameielekeza DocumentRoot, yaani mpangilio unaoiambia seva folda ya kuonyesha watu, kwenye folda ya mradi mzima. Nikaongeza /.env mwisho wa anwani, na nenosiri la mzee wa watu likaanikwa kwenye brauza kama nguo ya ndani barazani. Nilitetemeka. Kanzidata ile ina namba za simu za wateja wake na madeni yao.

Usiku zamu ikaingia kwa dada mmoja, na huyo hakubishana. Aliongeza /public mwisho wa mstari ule wa DocumentRoot, akaweka AllowOverride All ili .htaccess (faili la maelekezo ya seva) isomwe na kurasa za ndani zisirudishe 404, yaani “ukurasa haupo”, akaiwasha upya Apache, programu inayoendesha seva, kisha akanisubiri kwenye simu mpaka nikahakikisha .env haifunguki tena. Akanisisitizia nibadilishe nenosiri usiku ule ule. Mungu ambariki.

Seva zenyewe sina neno nazo. Hata kwa bando la simu huku Chumbageni kurasa zinafunguka bila kusuasua, na nilishaamua kuwapa nyota tatu. Lakini mzee ameniuliza, “Mwanangu, kwa hiyo watu wameona madeni ya wateja wangu?” Nimeomba kumbukumbu za seva nijue kama kuna mwingine aliyelifungua faili lile. Mpaka leo kimya. Basi ni nyota moja, na ni ya yule dada wa usiku. Wakinipa kumbukumbu hizo nitarudi kuibadilisha.