Saa ya kupima usingizi: masaa inapatia, ile grafu ya rangi usiiamini sana

Wakuu, mlioniuliza kama hizi saa janja za kupima usingizi zina maana au ni pambo la mkono tu, jibu langu ni kwamba zina maana kwa kitu kimoja, kukuonyesha umelala saa ngapi na umeamka saa ngapi, basi. Vingine inavyojisifia, usingizi mzito asilimia kadhaa, ndoto dakika kadhaa, alama zako leo 71 kwa 100, hivyo pokea kama unavyopokea maneno ya mpiga ramli.

Yangu ni ya kawaida, jina sitaji, maana nimejaribu na ya kampuni nyingine na tabia ni zilezile. Mkanda wa raba, kioo kidogo, mgongoni vile vitaa vya kijani. Kuivaa usiku kunataka mazoea kidogo, ukikaza sana jasho linawasha na asubuhi una mchoro mkononi, ukilegeza haisomi mapigo, kwa hiyo tafuta tundu la katikati hapo. Alafu kuna ile tabia ya kioo kujiwasha kila ukigeuka, chumba kizima kinamulikwa, kama unalala na mtu atakununia bure, ingia kwenye mipangilio uzime mapema.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe, maana hapa ndo watu wanapigwa. Ndani ya saa kuna sensa ya mwendo, inahisi mkono ukitikisika, na vile vitaa vya kijani vinamulika ngozi kuona damu inavyopita ndo inapata mapigo ya moyo. Baadhi zina na sensa ya joto au ya oksijeni, ila msingi ni huo, mwendo na mapigo, mengine yote inakisia kutoka hapo. Usingizi wenyewe uko kwenye ubongo jamani, haupo kwenye kifundo cha mkono. Hospitali wakitaka kuupima kweli wanakubandika waya kichwani kusoma umeme wa ubongo, pembeni ya macho kuona yanavyozunguka, kidevuni kuona misuli inavyolegea, puani na kifuani kufuatilia pumzi, unalala na huo mzigo usiku kucha alafu mtaalamu anaupitia usiku wako kipande kwa kipande, kila kimoja sekunde 30. Hata usingizi wa ndoto, ule macho yanachezacheza chini ya kope, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman pale Chicago walioutangaza mwaka 1953 waliupata kwa kufuatilia macho na mawimbi ya ubongo. Saa yako haioni macho wala ubongo. Inaona mkono umetulia na moyo unaenda hivi, inaandika "hapa alikuwa anaota". Kuna siku inapatia, kuna siku inabahatisha, na we huna namna ya kujua leo ni siku gani.

Udhaifu wake mkubwa kuliko wote ni huu: ukilala kimya macho makavu unaangalia dari, unawaza madeni, haugeuki, yenyewe inakuhesabia umelala. Yaani mtu mwenye tatizo la kukosa usingizi, ambaye ndo angeihitaji zaidi, ndo huyohuyo inayemdanganya zaidi. Anaamka kachoka hoi apu inampongeza.

Ila kwa mtu anayelala kawaida, upande wa masaa nimeikubali. Wataalamu wanasema mtu mzima alale masaa 7 mpaka 9, vijana wa miaka 14 hadi 17 masaa 8 mpaka 10, na ukimuuliza mtu yeyote atakwambia "mi nalala masaa 7 yangu freshi". Anahesabu toka alipopanda kitandani! Saa inatenganisha muda wa kitandani na muda wa usingizi, na hapo ndo utamu wake. Tuseme umezima taa saa 5 usiku umeamka saa 12 asubuhi, hayo masaa 7, toa dakika za kutafuta usingizi, toa safari ya chooni, toa zile mara unashtuka unageuza mto, unabaki na 6 na kitu. Na hapo hujaugua, ndo binadamu alivyo, ukilala kama asilimia 85 ya muda uliokaa kitandani unahesabika umelala vizuri tu. Maana yake ukitaka masaa 7 ya kweli, kitandani uwe na karibu 8. Hii hesabu peke yake ilinifanya nisijutie hela yangu.

Alafu simu. Ukiwa kitandani unaskroli mkono unacheza, saa inajua hujalala, kwa hiyo lile pengo kati ya kupanda kitandani na kusinzia linajichora lenyewe kwenye grafu, na lile pengo asilimia kubwa ni simu hamna kingine. Kuna na sehemu ya kuandika kama umekunywa kahawa na saa ngapi, hiyo watu wanairuka ila mi naipenda, maana kahawa kwa wengi inachukua kama masaa 5 hivi kupungua nusu tu mwilini, ya saa 10 jioni mpaka saa 3 usiku nusu yake bado ipo inazuia ile hali ya kusinzia isikufikie. Ukiandika wiki mbili tatu unaanza kuona siku za kahawa ya jioni na siku za kuchelewa kusinzia zinakaa pamoja.

Ukurasa mzuri kuliko yote kwenye apu wameuficha, sijui kwa nini, ni ule wa wiki nzima unaoonyesha mistari ya umelala saa ngapi umeamka saa ngapi, siku juu ya siku. Hapo hakuna kukisia kwingi, na unaona kila kitu. Siku za kazi mistari imenyooka, mwisho wa wiki inahama masaa mawili matatu pembeni, jumatatu mtu anaamka kama kapigwa rungu anailaumu jumatatu. Mwili una saa yake ndani, ipo mpaka kwenye seli, wale watatu waliopewa Nobeli ya tiba mwaka 2017, Hall, Rosbash na Young, walifukua inavyofanya kazi kwa kuchunguza inzi wa matunda, na hiyo saa inapangwa na mwanga, sasa ukiamka saa 12 leo kesho saa 4 inashindwa kujua ikushike saa ngapi. Ningekuwa mwenye kampuni ningefanya ukurasa huo ndo wa kwanza kufunguka, zile alama 71 ningetupa.

Maana alama zinaharibu watu. Unaamka mzima, mwepesi, unafungua apu imekupa 58, ghafla na we unaanza kujisikia mgonjwa. Siyo utani, mwaka 2017 watafiti Marekani waliandika habari za wagonjwa walioganda na namba za hivi vifaa mpaka wasiwasi wenyewe ukawa unawaharibia usingizi. Kama we ni mtu wa wasiwasi au tayari una shida ya usingizi, usinunue, kweli kabisa. Na kama unakoroma mpaka watu wanasema pumzi inakata katikati, alafu mchana unasinzia hovyo, saa siyo ya kukwambia uko sawa, nenda hospitali.

Alamu ya kutetemeka mkononi, hiyo hapana chezea. Unaamka mwenyewe bila kuamsha nyumba. Ila ile "alamu ya akili" inayosubiri eti usingizi wako uwe mwepesi ndani ya nusu saa kabla ya muda uliopanga, mi nimeizima. Kwanza inakisia kama kawaida yake, pili yangu inapenda kuamsha mwanzoni kabisa mwa hiyo nusu saa, na usingizi wa ndoto mwingi unakuja alfajiri, ule mzito ndo unatangulia mapema usiku, kwa hiyo kila nusu saa ya asubuhi unayokatwa inakatwa huko huko kwenye ndoto.

Watu wa shifti pia wajue, apu imeandikwa na watu wanaolala usiku. Ukilala mchana inakugawanyia siku vipande vipande, na kale kausingizi ka nusu saa ka mchana yangu haikahesabu kabisa, kama hakajatokea.

Ya kulipia kila mwezi ruka, vinavyofungwa huko ni zile grafu za rangi zaidi na ushauri wa "jaribu kulala mapema" ambao hata mama yako anakupa bure. Chukua ya chini yenye alamu ya kutetemeka, inayokupa mistari ya wiki bila malipo, na betri ya kudumu siku kadhaa. Chaji iweke jioni ukiwa unaoga, maana yangu ikizima usiku wa manane asubuhi apu inaniandikia kwamba nimelala masaa mawili tu, na alama inanipa vilevile.