Oveni nzuri, duka bovu (au kinyume chake)

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: msinunue. Naongelea ile oveni ndogo ya mezani, yenye koili juu na koili chini na mlango wa kioo, inayopangwa mpaka nje ya maduka ya vyombo vya umeme pale Kariakoo. Atakayesoma mpaka chini huenda akakuta nimeshageuza maneno, lakini kwa sasa niacheni nitoe la moyoni.

Mimi sikutaka makuu. Nilitaka kuku wa kuoka wa Jumapili, basi. Kuku wa kisasa wa kilo na kidogo, anapakwa chumvi na kitunguu saumu tangu usiku, asubuhi unamkausha ngozi vizuri, unamtia limao, pilipili manga na mafuta kidogo, viazi unavipanga chini yake vinywe yale mafuta yanayodondoka. Nyuzi 200, saa nzima, umemaliza. Hakuna kuinamia jiko la mkaa unageuza nyama huku macho yanatoka machozi. Na siku hiyo mama mkwe alikuwa anakuja.

Kuku kwa macho alitoka mzuri ajabu. Ngozi ya kahawia, inang'aa, watoto wakapiga makofi. Nikakata paja kwenye kiungo: damu. Nyama imeng'ang'ania mfupa, haitaki kuachia. Kuku anatakiwa afike nyuzi 74 huko ndani kabisa, karibu na mfupa, na huyu wangu nadhani huko ndani alikuwa bado na habari za bandani. Viazi navyo, kisu kiligoma kupita. Mama mkwe hakusema neno. Alivuta wali, akaweka kachumbari, akala taratibu, akashukuru. Bora angenisema.

Sasa njooni dukani. Nilibeba ile oveni kwenye bajaji, nimeipakata, boksi lake na risiti yake. Kijana wa pale kaegemea friji, macho kwenye simu. Namweleza, ananijibu bila kuinua uso:

"Mama, hiyo ni ya mikate na keki. Kuku anachomwa."

Kwenye boksi lenyewe kuna picha ya kuku mzima, mapaja yamefungwa kamba, katulia kwenye trei! Nikamwonyesha kwa kidole. Akaangalia. "Hiyo ni picha tu, mama."

Nikamwambia basi chomeka tuione. Akachomeka, akapitisha kiganja juu juu, "Si unaona joto hili?" Nikamwambia mdogo wangu, inama uangalie ya chini. Koili ya juu imeiva nyekundu, ya chini nyeusi tii. Eti, "Hiyo inachelewa kuamka, na umeme wenyewe ndiyo huu wa siku hizi." Tukasubiri iamke. Yeye akarudi kwenye simu yake. Nilipomuuliza inaamka saa ngapi, akapaza sauti mpaka wateja wa duka la pili wakageuka:

"Bosi! Kuna mama hapa hajui kutumia oveni!"

Hajui kutumia oveni. Mimi. Ninayepika tangu huyo mtoto hajazaliwa. Hela naweza kusamehe, kuku naweza kusamehe, ila ile sauti bado ninayo masikioni. Bosi wake hata kuinuka hakuinuka, alinionyesha tu maandishi mekundu chini ya risiti, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nikauliza, na ile waranti ya mwaka mmoja mliyonihubiria? "Waranti ni ya mota." Jamani, oveni ile haina mota!

Nikamwambia nchi hii ina Sheria ya Ushindani tangu 2003, na FCC, ile Tume ya Ushindani inayolinda wateja, ipo kwa ajili ya watu wa namna yake. Akacheka, akaniuliza kama nataka mfuko wa kubebea.

Nikairudisha kwa fundi wa mtaani kwetu, anayetengeneza pasi na feni kwenye kibaraza. Akaipindua, akafungua skrubu za kifuniko cha chini, akanivutia kwa koleo waya mmoja uliokuwa unaning'inia. Ule wa koili ya chini. Kiwandani waliuchomeka bila kuubana. Akaubana, akauvuta kuhakikisha, akafunga. Shilingi 5,000, na chai yake haikuwa imepoa. Kitu ambacho kijana yule angekifanya palepale kwenye meza yake kama angeweka simu chini!

Haya, sasa hapa ndipo panaponiuma kusema. Oveni inaoka. Inaoka vizuri, tena sana. Kuku aliyefuata nilimwacha apumzike kama dakika kumi kabla ya kumkata, paja likaachia lenyewe, maji yake meupe, viazi vimekauka pembeni na ndani laini, vimelowa ladha ya kitunguu saumu. Tulikula kimya, na nyumba yangu si ya watu wakimya. Kwenye LUKU nilitazama kabla na baada: hazikwenda hata uniti mbili, na kwa bei ya kawaida ya nyumbani uniti ni kama shilingi 356. Linganisheni wenyewe na mkaa.

Kwa hiyo nasema nunueni? Ngojeni. Ile namba ya nyuzi kwenye kitufe ni ya uongo. Rafiki yangu anayeoka keki za biashara aliniazima kipimajoto chake cha kuweka ndani ya oveni. Kitufe kinasema 200, kipimajoto kinasema 160. Siku hizi naisukuma karibu na mwisho kabisa ndipo nipate 200 ya kweli. Mtu asiye na rafiki mwenye kipimajoto atajuaje? Atalaumu kuku. Ataambiwa hajui kutumia oveni.

Basi, nunueni, lakini si kwa wale. Duka silitaji. Popote mtakapokwenda, kabla hamjatoa hela mwambieni muuzaji achomeke, awashe koili zote mbili, kisha msubiri dakika tano mmesimama hapohapo, na akiwaambia ya chini inachelewa kuamka, ondokeni. Na mama mkwe nimeshamwalika tena. Amesema atakuja, ila ataleta samaki wake.