Fundi wa arja (fedha ya mapambo) kule Kenya (komini ya Lubumbashi, si inchi!): bangili tamu, ila siku zake usizihesabu

Tangu paska kanisani wananiuliza bangili hii nimeitoa wapi, njo naandika mara moja ili nisirudilie kila yenga (juma pili).

Kwanza mujue nilienda kule na hasira. Mwaka jana nilinunua mkufu kwenye butiki moja ya hapa mjini, sitaitaja, muuzaji akaapa mpaka kwa mama yake kwamba ni arja, na kweli nyuma kulikuwa kamuhuri ka 925, alama ya arja, nikatoa dola 45 bila kubishana sana. Wiki tatu tu, shingo kijani kama malakiti, lile jiwe la shaba. Narudi pale wananiambia eti ni jasho langu liko mubaya. Jasho! Mutoto wa Lubumbashi umufundishe kijani ya shaba, sisi tumekulia ndani yake.

Sasa kijiko, chenye kilinipa wazo la bangili. Tanti yangu anaishi London, safari yake ya mwisho alituletea boksi ya vijiko na kanya (uma) za zamani, si arja, inoksi tu (chuma kisichoshika kutu), nyuma imeandikwa Viners, jina la kiwanda, na Sheffield, muji wa Uingereza. Mpini wake si laini, uko na mistari-mistari inakwaruza kidogo kama ganda la muti. Mi nikadhani ni mitumba iliyochakaa, nikasema asante ya heshima. Tanti akacheka, akaanza kutuhadithia mambo ya Gerald Benney mpaka chai ikapoa.

Huyu Benney alikuwa mufua arja Mwingereza, amezaliwa Hull 1930, baba yake alikuwa mkuu wa chuo cha sanaa cha Brighton, yeye mwenyewe akasomea kule kisha akaingia Royal College of Art ya London. Enzi zile chombo cha arja lazima kingae kama kioo, mugeni akikishika kidole chake kinabaki pale mpaka mutu apite na kitambaa. Njo siku moja anafua kitu, nyundo aliyoshika uso wake umeharibika, badala ya kulainisha ikaacha vialama juu ya arja. Mwingine angetukana nyundo. Yeye akaangalia vile vialama, vikamupendeza, akaanza kuvifanya makusudi, ikawa njo mukono wake unaojulikana: alama za vidole hazionekani na weusi hauvishiki haraka. Baadaye akapanda mpaka akawa na vibali vine vya kifalme kwa wakati mmoja, cha malkia Elizabeth, cha mume wake, cha mama ya malkia na cha Charles wakati huo bado mwana wa mufalme, tena akawa profesa wa kufua arja pale pale aliposomea, 1974 mpaka 1983. Alifariki 2008. Mambo ya wafalme wala hayanisumbui, mi kilichonishika ni kwamba mutu wa hivyo alikubali pia kuchorea kiwanda cha Viners vijiko vya inoksi, vya watu wa kila siku. Bila ile, mi ningeshika wapi kazi ya Benney, tena nikikoroga chai hapa Lubumbashi?

Basi nikaingiza kijiko kimoja kwenye sakoshi, pamoja na arja za nyanya yangu marehemu, hereni zisizo na wenzake, minyororo miwili iliyokatika na pete imekunjamana, na ule mkufu wa hasira, nikaenda.

Atelie iko nyuma ya soko ya Kenya. Plake (kibao cha jina) hakuna, usijisumbue kutafuta, ukifika upande wa mashona viatu sikiliza tu nyundo ndogo, ile ya haraka-haraka, fuata sauti. Ndani kuna tabure moja na kama kuna mteja mbele yako utasimama. Fundi ni papa mmoja wa makamo, miwani imeshikizwa na waya, haongei sana mpaka ashike kitu mukononi. Nikamwambia papa, kabla ya bei nataka unipimie hivi vyote mbele yangu. Hakuchukia. Alikwaruza kila kimoja juu ya jiwe jeusi akadondosha asidi. Za nyanya zikabakia na rangi ya maziwa-maziwa ya kijivu. Mkufu ukatoka povu la kijani palepale. Papa akaniangalia juu ya miwani: "Mama, ulikuwa umevaa robine."

Nililipa dola 45 kuvaa robine, koki ya maji! Nami nyumbani nilikuwa nimejaribu na sumaku nikaona haishiki, nikajipongeza, kumbe sumaku inakamata chuma na vichache vya namna yake, shaba na leto (shaba iliyochanganywa na zinki) inaziacha zipite kama arja. Musitegemee sumaku.

Halafu akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukijua kwa kuzaliwa hapa. Arja tupu ni laini mno, bangili yake ingepinda ukibeba ndoo, kwa hiyo wanaichanganya, na 925 maana yake ni sehemu 925 za arja kwa kila 1000, zile 75 zinazobakia kwa kawaida ni shaba. Kwa hiyo hata sahani za mufalme wa Uingereza ziko na kakitu ka kwetu ndani, mi nimefurahi bure (jimbo letu lenyewe, Katanga, liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, vijana muulize wazazi). Tofauti iko kwenye muhuri. Tanti alisema kule Uingereza fundi hajipigii muhuri wa ubora yeye mwenyewe, anapeleka chombo kwenye ofisi ya kupima, ya London inapiga kichwa cha chui, alama iliyoanza 1300, Birmingham nanga, Sheffield ua la waridi. Huku butiki inajichongea 925 yake na habari imeisha. Njo maana ile asidi mbele ya macho yangu niliihesabu kama nusu ya huduma.

Nikatoa kijiko, nikamwambia nataka bangili yenye ngozi kama hii, nikamupa na hadithi ya nyundo iliyoharibika. Alicheka mpaka akavua miwani. "Nyundo kama ile niko nazo tatu, mama, na wateja wananilaumu nazo." Lakini alikigeuza kile kijiko muda mrefu, akakipitisha ukucha, akachukua nyundo moja ya zamani akaichora uso na tupa, mistari isiyofuatana, akaijaribu juu ya kipande cha shaba. Cha kwanza kilikuwa kama kimetafunwa na mbuzi. Cha pili hivi hivi. Cha tatu nikakinyamazia tu, kilikuwa kizuri hivyo. Nilibaki nikaona anayeyusha arja za nyanya na boraksi, ule unga wa kusafisha arja ikiyeyuka, kidogo machozi yanitoke lakini moshi ulinisaidia kujificha, akamimina ikawa kijiti, akaanza kufua, akiipasha mpaka iwe nyekundu ya giza, maji, nyundo tena, kwa sababu ukifua tu bila kuipasha inakuwa ngumu inapasuka.

Sasa malalamiko. Alisema siku tano, zikawa kumi na mbili, kura (umeme) inakatika, telefone imezimwa, siku ya nane nilifika nikakuta kufuli. Fakitire (risiti) hakuna, avansi yangu (malipo ya mbele) iliandikwa kwenye karatasi ya paketi ya sigara. Na bangili ilipotoka ukingo wa ndani ulikuwa mukali, ulinivutia uzi wa libaya (blauzi) ya harusi, nikarudi akaulainisha bila kuniomba hata franga moja. Upande wa uzito alikuwa safi: nilimupa gramu 46, bangili iko 41, gramu 3 alinirudishia zimefungwa kwenye karatasi bila mimi kuuliza, 2 zilienda na vumbi la tupa. Bei ya mukono wake ilikuwa dola 30, nusu mbele nusu ukichukua.

Bangili yenyewe, naosha vyombo nayo, napika nayo, miezi minne sasa haijaomba kusuguliwa. Mayai tu uyaogope, kiini kinaifanya nyeusi, nilitandika karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, nikaweka bangili juu yake na maji ya moto na bikarbonate, ikarudi.

Kilichobaki ni kijiko. Papa aliniomba akishike wiki moja amalizie kuichora ile nyundo vizuri. Nilipopita juzi nikakuta ameshatengeneza bangili zingine mbili za ngozi ya muti kwa mabibi nisiowajua, na kijiko kinaning'inia ukutani kwenye musumari, nimeomba, ananiambia "kesho, mama." Tanti anarudi desemba na anajua vijiko vilikuwa sita. Ukipita kule mbele yangu, umukumbushe.